Stoo Imejaa, Jikoni Hakuna Kitu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na mwanachama aliyefanya kazi miaka mingi katika maabara ya hospitali.)



Ndugu Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, aliniachia nichague mada mwenyewe, ila pembeni mwa barua akaongeza kwa mkono: isiwe ndefu, na isiwe siasa. Siasa haitakuwamo. Kuhusu urefu namwomba anivumilie, maana jambo lenyewe limejikunja.

Nataka kuzungumza juu ya mafuta ya mwilini yanayoitwa kolesteroli. Wataalamu wetu wa lugha wameyapa jina zuri la Kiswahili, lehemu. Lakini najua wale waliopitia karakana wataguna, maana kwao lehemu ni madini ya kuungia mabati, nami sitaki mtu atoke hapa akidhani ana bati katika damu. Kwa leo nitasema kolesteroli.

Wengi tuliomo ukumbini tumefikia umri wa kukatazwa mambo. Daktari hutazama karatasi ya vipimo, hutikisa kichwa, kisha huanza kutaja nyama choma, siagi na uvivu wa kutembea. Kwa hiyo kolesteroli tumeizoea kama adui. Lakini mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Kila seli ya mwili wa binadamu imezungukwa na utando, na utando huo bila kolesteroli hauwi imara. Nyongo inayosaga mafuta ya chakula hutengenezwa kutokana nayo, na homoni za uume na uke kadhalika. Tena karibu robo ya kolesteroli yote ya mwili imo ubongoni, ingawa ubongo wenyewe kwa uzito ni sehemu ndogo sana ya mtu.

Kolesteroli nitakayoieleza leo si ile ya kututisha sisi wazee. Ni ya watoto, na haihusiani hata kidogo na chakula walichokula. Ni kolesteroli inayonasa ndani ya seli na kushindwa kutoka, kwa sababu ya kasoro ambayo mtoto ameirithi kwa baba na mama wasiokuwa na dalili yoyote. Nimeichagua mada hii kwa sababu imemfika mmoja wetu. Nitafika kwake, lakini kwanza sharti tuelewane juu ya seli.

Mnakumbuka Kidato cha Kwanza, tulipobandua ngozi ya kitunguu na kuitazama kwa hadubini moja iliyogombewa na wanafunzi arobaini? Tulichora ukuta, tukachora kiini, na kilichobaki kikaandikwa "ute", basi. Kumbe ndani ya ute huo mna vyumba na viwanda. Mwaka 1955 Mbelgiji mmoja, Christian de Duve, wa chuo kikuu cha Louvain, alikipa jina kimojawapo cha vyumba hivyo: lisosomu. Alikigundua kwa njia ya pembeni. Yeye na wenzake walikuwa wakichunguza maini ya panya, na kimeng'enya kimoja walichokipima kilionekana kufanya kazi kidogo mno kuliko walivyotarajia. Wakaiweka ile sampuli katika jokofu. Siku tano baadaye walipoipima tena, nguvu ya kimeng'enya ilikuwa imerudi. Wengine wangesema kipimo cha kwanza kilikosewa na kukitupa. De Duve alijiuliza: je, kimeng'enya hiki kilikuwa kimefungiwa ndani ya mfuko, na baridi ya siku tano ndiyo iliyoupasua mfuko? Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1974 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na George Palade.

Lisosomu basi ni mfuko mdogo wenye tindikali na vimeng'enya vya kila namna. Kazi yake ni kupokea vitu vilivyoingia katika seli, na vilivyochakaa humo humo, kuvivunja vipande vipande, kisha kuvitoa vitumike upya. Mwaka 1963 mwenzake de Duve, Henri-Géry Hers, alionyesha kwamba watoto wenye ugonjwa uitwao Pompe wamezaliwa bila kimeng'enya kimoja cha lisosomu, na kwa sababu hiyo sukari ya akiba hurundikana mle ndani mpaka misuli na moyo vinashindwa. Tangu hapo maradhi ya jamii hii yameendelea kugunduliwa, na leo yanahesabiwa zaidi ya 50. Kila moja peke yake ni adimu. Kila moja lina kitu chake kinachorundikana.

Sasa kolesteroli. Naomba mniruhusu niirudishe shule yetu ya zamani, hasa jiko lake.

Mtakumbuka lori lililoleta maharage. Magunia yalishushwa mlangoni, yakaingizwa stoo, yakafunguliwa, kisha wapagazi wakabeba maharage mpaka dirishani, na mpishi akayapokea kwa upande wa pili. Seli inafanya vivyo hivyo. Kolesteroli husafiri katika damu ikiwa imefungwa katika vifurushi viitwavyo LDL. Juu ya ngozi ya seli mna vipokezi vinavyovikamata vifurushi hivyo na kuviingiza ndani. Habari hiyo tuliipata kwa Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, nao wakapata Nobel mwaka 1985. Kifurushi kikishaingia hupelekwa katika lisosomu, na kimeng'enya kimoja hukata kamba ya gunia, yaani huitenganisha kolesteroli na asidi ya mafuta iliyofungwa nayo.

Kamba imekatika, lakini kolesteroli ni mafuta, na mafuta hayaogelei majini. Haiwezi kutoka yenyewe. Yahitaji wapagazi, nao ni wawili. Wa kwanza ni protini ndogo iitwayo NPC2, inayozunguka ndani ya lisosomu. Huichukua kolesteroli na kuipeleka ukutani. Wa pili ni protini kubwa, NPC1, yenye amino asidi 1,278, iliyojikita katika ukuta wenyewe wa lisosomu kama mtu aliyekaa dirishani. Hupokea kwa huyu na kutoa nje. Mwaka 2009 wale wale wa Dallas walieleza namna mkono mmoja unavyoupa mwingine bila kolesteroli kugusa maji.

Je, mmoja wa wapagazi hao akikosekana? Magunia yanazidi kuja, kamba zinakatwa, maharage yanamwagika sakafuni mwa stoo na kupanda mpaka dari. Jikoni hakuna kitu. Na hapa ndipo penye msiba wenyewe: karani wa jiko hatazami stoo, hutazama sufuria. Akiona sufuria tupu huandika barua kuomba lori jingine. Ndivyo seli inavyofanya. Sehemu inayopima kiasi cha kolesteroli iko nje ya lisosomu. Ikiona hakuna inayofika, huamuru vipokezi vya LDL viongezwe, na huamuru seli itengeneze kolesteroli yake yenyewe. Kwa hiyo seli ina njaa katikati ya shibe, na kila inapojitibu njaa huzidisha mrundikano.

Watu wa maabara wana njia ya kuliona jambo hili kwa macho. Hukata kipande kidogo cha ngozi ya mgonjwa, hukuza seli zake, kisha huzitia dawa iitwayo filipini, itokayo kwa bakteria wa udongoni, ambayo hushikamana na kolesteroli na kutoa mwanga wa buluu ikimulikwa kwa miali ya urujuanimno. Seli ya mtu mzima wa afya hutoa mwanga hafifu. Ya mgonjwa hung'aa kwa vitone vingi vilivyozunguka kiini, mfano wa mji unaoonekana usiku kutoka mlimani. Ni picha nzuri kutazama, na ndilo jambo baya zaidi juu yake.

Ugonjwa huu unaitwa Niemann-Pick aina ya C. Albert Niemann alikuwa daktari wa watoto wa Berlin, naye mwaka 1914 alimweleza mtoto mmoja mwenye tumbo lililovimba kwa ini na bandama. Ludwig Pick alikuwa bingwa wa kuchunguza maiti katika mji huo huo, na katika miaka ya 1920 alionyesha kuwa ni ugonjwa wa peke yake usiofanana na mingine. Pick alikuwa Myahudi. Wanazi walimpeleka kambi ya Theresienstadt, na huko alifariki mwaka 1944. Nimeona niseme, kwa kuwa jina lake hutajwa kila siku hospitalini na wachache humjua.

Mwaka 1961 Allen Crocker wa Marekani aliyagawa maradhi haya kwa herufi. Aina ya A na ya B zikaja kuonekana kuwa na asili tofauti kabisa: hapo kinachokosekana ni kimeng'enya cha kuvunja mafuta mengine yaitwayo sfingomielini, na kolesteroli hufuata nyuma kwa kuwa mafuta hayo mawili hupendana. Aina ya C ilibaki kitendawili, kwa sababu vimeng'enya vyote vilipimwa vikakutwa salama. Wala damu haikusaidia: kolesteroli ya damu ya watoto hawa aghalabu ni ya kawaida, pengine hata ni chini. Ni Peter Pentchev, katika taasisi ya taifa ya afya huko Bethesda, Marekani, aliyeufungua mlango. Akianzia na panya wa maabara waliozaliwa na kasoro kama hiyo, yeye na wenzake walionyesha mwaka 1985 kwamba seli za wagonjwa huipokea kolesteroli ya LDL lakini haziwezi kuitumia. Hapo ndipo watu walipojua kwamba kosa ni la usafirishaji. Jeni ya NPC1 ilipatikana mwaka 1997 katika kromosomu ya 18. Ya NPC2 mwaka 2000, katika kromosomu ya 14. Wagonjwa 95 katika kila 100 wana kasoro ya NPC1.

Fedha za kuitafuta jeni ile hazikutoka serikalini peke yake. Ara Parseghian alikuwa kocha mashuhuri wa mpira wa Kimarekani wa chuo kikuu cha Notre Dame. Wajukuu wake watatu, wa familia moja, walikutwa na ugonjwa huu, na mwaka 1994 yeye na watoto wake wakaanzisha mfuko wa kuchangia utafiti. Jeni ilipatikana miaka mitatu tu baadaye. Wajukuu wote watatu walifariki kabla ya kufikia utu uzima.

Yupo na ndugu mwingine wa jamii hii ambaye kolesteroli hunasa kwake hatua moja kabla. Unaitwa Wolman, kwa jina la daktari wa Israeli aliyekuwa miongoni mwa walioueleza mwaka 1956. Hapa kinachokosekana ni kile kimeng'enya cha kukata kamba ya gunia. Mtoto mchanga hutapika, huharisha, tumbo humvimba, na katika picha ya eksirei tezi zilizo juu ya figo huonekana zimeganda chokaa. Zamani wengi hawakumaliza mwaka wa kwanza. Tangu mwaka 2015 ipo dawa, ambayo ni kimeng'enya chenyewe, kinachovunwa katika ute mweupe wa mayai ya kuku waliobadilishwa jeni. Sisi tumeambiwa tusile mayai kwa sababu ya kolesteroli. Watoto wale wanaponywa na yai. Kwa aina ya C njia hiyo haifai, kwa kuwa NPC1 ni protini iliyofumwa ndani ya ukuta, haiingizwi kwa sindano ya mshipa.

Nadhani wako wanaojiuliza: ugonjwa unaompata mtoto mmoja katika takriban 100,000, tena wenye majina ya Kijerumani, watuhusu nini? Nitajibu kwa njia mbili, na ya kwanza itawashangaza.

Mwaka 1976 katika kijiji cha Yambuku, Zaire ya wakati ule, ulizuka ugonjwa wa Ebola ukaua watu 280. Kwa miaka thelathini na mitano haikujulikana virusi vile huingiaje katika seli. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti yalitangaza jibu kwa pamoja. Kirusi humezwa na seli, hushuka mpaka lisosomu, huvuliwa koti na vimeng'enya, kisha hutafuta mahali pa kushika ili atoke aingie katika ute. Mahali hapo ni NPC1, yule yule mpagazi wa dirishani. Walichukua seli za wagonjwa wa Niemann-Pick aina ya C, wakazimwagia kirusi: hazikuambukizwa. Kirusi alinasa ndani pamoja na kolesteroli. Marburg hutumia dirisha hilo hilo, nao tumeuona Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, iliua watu 2,287, ndugu zetu wa lugha moja. Mwaka 2015 ikaonekana pia kwamba seli za popo mmoja wa matunda wa Afrika huzuia Ebola, kwa sababu NPC1 yake inatofautiana kwa amino asidi moja tu mahali kirusi anaposhika. Kwa hiyo wale watoto wachache wa Ulaya na Marekani, kwa kipande cha ngozi yao, walisaidia kueleza janga la Afrika ya Kati. Asidhani mtu kwamba ugonjwa adimu ni jambo la pembeni.

Jibu la pili ni mwenzetu. Yumo humu ukumbini, na ameniruhusu nieleze mradi nisimtaje. Ana watoto wanne. Wa tatu, mvulana, alizaliwa akapata macho ya njano, na unjano ule ukakaa wiki nyingi kuliko kawaida, kisha ukaondoka wenyewe. Akiwa na miaka mitatu alikutwa bandama limevimba. Ikasemwa ni malaria za mara kwa mara, jambo ambalo kwetu halimshangazi mtu. Akaanza shule, akawa mtoto kama wengine, tena hodari wa hesabu. Alipofika darasa la nne mwandiko wake ukaanza kutawanyika kama nyayo za kuku. Akawa mzito wa kusema. Ngazi alizipanda vizuri, lakini kuzishuka alijikwaa. Na kulikuwa na jambo la ajabu: akichekeshwa sana, magoti yalimlegea akaanguka chini, akili timamu, kisha akainuka baada ya muda mfupi. Wenzake walipoligundua hilo wakawa wanamchekesha makusudi. Mwalimu aliona mtoto mwerevu aliyeamua kuwa mvivu na mchekeshaji, akamchapa. Akamchapa tena. Shule siitaji, maana nasema kwa masikitiko, wala si kwa kushtaki. Wengi wetu humu ni walimu, na katika darasa la watoto tisini sijui nani angeona tofauti.

Mtoto akatibiwa kifafa. Akapelekwa kwa mganga, akatolewa majini. Miaka mitatu ikapita. Ndipo daktari mmoja kijana alipomwambia: "Tazama dari. Haya, sasa tazama viatu vyako haraka, usiinamishe kichwa." Macho hayakushuka. Vipimo vilipelekwa nje ya nchi, na majibu yakarudi: Niemann-Pick C.

Sasa mtaelewa kwa nini alijikwaa akishuka ngazi. Seli za neva hazigawanyiki na kuzaliwa upya kama za ngozi. Zikizibwa na mrundikano hufa, na kwa ugonjwa huu zinazokufa mapema ni zile zinazoongoza macho kwenda juu na chini, na zile seli kubwa za ubongo mdogo wa kisogoni zinazoweka mizani ya mwendo, ulimi na vidole. Baadaye huja taabu ya kumeza, kifafa cha kweli, na kusahau. Wengine dalili huwaanza ukubwani, na huonekana kama wazimu mpaka mtu atazame macho. Walimu wenzangu na madaktari, shikeni hilo la macho: mtoto anaweza kukifuata kidole kinachokwenda polepole, na bado ashindwe kuyarusha macho upesi kutoka juu hadi chini. Kipimo chake hakina gharama. Mtoto ambaye mwandiko wake unarudi nyuma mwaka hadi mwaka, aanguke akicheka, na mama yake akumbuke macho ya njano ya utotoni, apelekwe hospitali kubwa. Siku hizi damu yaweza kupimwa aina za kolesteroli iliyooza kwa oksijeni, kisha jeni zenyewe zikasomwa, bila kungoja kukuza seli za ngozi.

Mwenzetu aliniuliza kama amnyime mwanawe mayai na nyama. Nilimjibu hapana. Dawa za kushusha kolesteroli zilijaribiwa zamani. Zilishusha ya damu na ya ini, lakini ubongo hautegemei kolesteroli ya damu, hujitengenezea yake. Mtoto ale ashibe, kwa kuwa siku ya kushindwa kumeza itakuja.

Je, dawa zipo? Zipo za kupunguza mwendo wa ugonjwa, hazipo za kuuondoa. Miglustati, iliyoruhusiwa Ulaya kwa ugonjwa huu mwaka 2009, hupunguza utengenezaji wa mafuta mengine yanayorundikana pamoja na kolesteroli. Septemba 2024 Marekani iliruhusu mbili kwa mpigo: arimoklomoli, inayotumiwa pamoja na miglustati, na levasetileusini. Hii ya pili ni jamaa wa dawa ya kizunguzungu iliyouzwa Ufaransa tangu mwaka 1957, ilikaa miaka hamsini na zaidi dukani bila mtu kujua ina kazi nyingine. Bei za dawa hizi mpya Marekani huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka. Sitazungumza zaidi juu ya bei, maana niliahidi isiwe siasa.

Kuna moja ya ajabu zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliwapa panya wagonjwa homoni fulani ya ubongo, na panya wakaishi zaidi. Homoni hiyo haiyeyuki majini, kwa hiyo iliyeyushwa kwanza katika siklodekstrini, aina ya sukari ya duara itokanayo na wanga. Mwaka 2009 ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya uponyaji ule haikutoka kwa homoni. Ilitoka kwa kiyeyushi! Siklodekstrini yenyewe huilegeza kolesteroli itoke katika lisosomu. Majaribio kwa binadamu yalifuata, kwa sindano ya uti wa mgongo, na baadhi ya wagonjwa walipungukiwa na usikivu. Mimi naona hapo ndipo tumaini lilipo, lakini sitamwambia mzazi auze ng'ombe kwa ajili ya tumaini.

Limebaki swali gumu kuliko yote, nalo mwenzetu aliniuliza kwa sauti ya chini. Binti yake mkubwa, mzima wa afya, anachumbiwa na mtoto wa shangazi yake. Je, aseme au anyamaze? Jamaa wanasema akisema ataiharibu nyumba mbili.

Tufanye hesabu, vijana wa nyuma chukueni kalamu. Ugonjwa hutokea mtoto akipokea jeni mbovu kutoka pande zote mbili. Mwenye moja tu hana dalili hata akizeeka. Wazazi wa mvulana yule basi ni wabebaji wote wawili, na kila mimba yao ilikuwa na nafasi 1 katika 4. Binti kwa kuwa ni mzima, nafasi ya yeye kuwa mbebaji ni 2 katika 3. Baba yake ni mbebaji kwa hakika. Dada wa baba, yaani shangazi, ana nafasi 1 katika 2. Mwanawe ana 1 katika 4. Zidisheni: nafasi ya wachumba wote wawili kuwa wabebaji ni 1 katika 6, na ya mtoto wao kuugua ni 1 katika 24. Binti huyo huyo akiolewa na mtu asiye wa ukoo, kwa makadirio kwamba mbebaji ni mtu 1 kati ya 160, nafasi inakuwa 1 katika 960.

Ndoa za mabinamu ni desturi ya heshima kwa wengi wa pwani, nami sikuja kuitukana. Watoto wengi wamezaliwa humo wakiwa wazima. Lakini familia ambayo jeni imekwisha kujulikana si sawa na familia nyingine, kwa sababu ndani yake swali lina jibu. Kosa lenyewe la jeni la mvulana limeandikwa katika majibu yake. Kinachohitajika ni damu kidogo ya binti na ya kijana, zitazamwe mahali hapo hapo pa kosa. Mmoja wao akikutwa hana, waoane wakazae bila hofu ya ugonjwa huu. Wote wakikutwa nayo, wataamua wakijua, kabla ya mahari na si baada ya kaburi. Nilimwambia aseme, na aseme kwa kijana mwenyewe kwanza, pamoja na binti, kabla ya kuwaita wazee.

Amesema. Kijana alikubali siku hiyo hiyo, na damu za wote wawili zimekwisha kuchukuliwa.

Ndugu Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.